Buji Sita na Jicho Moja

Jicho la kushoto la mama mkwe wangu lilikufa nikiwa nasahihisha mitihani. Mke wangu alikuwa amenieleza mapema kwamba mama yake, kule Kambove, analalamika kuumwa na jicho na kuona duara za rangi zikiizunguka taa. Nilisema tutamleta Lubumbashi mwezi ujao. Mwezi ujao ulikuwa na mikutano ya kitivo. Uliofuata ulikuwa na mvua. Nilipofika Kambove, mama alikuwa ameshazoea kugeuza kichwa kizima ili aone upande wa kushoto, kama kuku anavyomtazama mtu, na mganga wa macho wa hapo akasema lile limekwisha, tupiganie la kulia.

Daktari anayepasua macho ya namna hiyo haishi mjini kwetu. Huja mara mojamoja, hukaa siku chache, huondoka. Safari hii mama alipangiwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Atakayechelewa nafasi yake anapewa mwingine, na daktari harudi mpaka baada ya miezi mingi. Jicho la kulia halikuwa na miezi mingi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alijitolea kumchukua kwa pikapu yake. Nikakataa. Nilisema, mke wangu akisikia na simu ikiwa imefunguliwa sauti, kwamba mama hatapanda pikapu kama gunia la makaa, atakuja kwa gari langu, amekaa kwenye ngozi. Shemeji akasema, "Sawa, beau," kama tunavyoitana huku sisi tuliooleana, akapeleka pikapu yake Kolwezi kwa kazi zake. Habari ya basi la abiria mama hakutaka hata kuisikia. Mara ya mwisho alishuka akakanyaga hewa akidhani ni ngazi, akavunjika kifundo cha mkono.

Ni lazima niseme kuhusu lile gari. Ni la Kijerumani, jeusi, la silinda sita, na lilikuwa zuri sana lilipokuwa la mtu mwingine. Nililinunua kwa bosi wa mgodi aliyekuwa anarudi kwao. Majirani wa mtaa wetu wa Hewa Bora walipoliona waliacha kuniita Papa, wakaanza kuniita Prof. Mimi si profesa. Mimi ni chef de travaux, cheo cha chuoni kilicho chini ya profesa, ambacho mtu hukipata akiwa kijana na kukiacha akiwa bado kijana, isipokuwa mimi. Lakini mtu anayeendesha gari la namna ile hawezi kusimama njiani kuwaeleza watu ngazi za chuo kikuu, kwa hiyo niliitika.

Ijumaa, siku tatu kabla ya daktari, gari lilianza kutetemeka nikishuka kutoka chuoni Kasapa. Taa ya manjano yenye umbo la injini iliwaka mbele yangu, ikaanza kukonyeza. Nilifika nyumbani kwa mwendo wa mtu mwenye malaria, nikaliita jina la Mungu kwenye kila kilima, na mji wetu hauna vilima vingi.

Fundi wa mtaani alikuja. Alifungua boneti, akatazama kile kifuniko kikubwa cha plastiki, akaifunga tena polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenyewe.

"Papa Prof," akasema, "hii haiko motokari. Hii iko ordinatere." Alimaanisha kompyuta.

Alinishauri nisubiri mwenzake mwenye mashine ya kusoma magonjwa ya magari kama hayo. Yuko Likasi, anarudi Jumatano. Nilimweleza kwamba Jumatano jicho la mtu litakuwa limepoteza zamu yake. Alisikitika kwa dhati, na akaenda zake.

Basi nikaamua kufanya mwenyewe. Uamuzi huo haukutokana na ushujaa. Nilikuwa nimeishiwa na watu wa kuwalaumu. Nilitazama video ya bwana mmoja katika gereji safi kuliko jikoni kwetu. Alieleza kwamba mtetemeko kama ule mara nyingi ni buji zilizochoka, au bobini. Buji ndiyo ile inayotoa cheche ndani ya silinda. Huko pwani wanaiita plagi. Bobini ni kidude cheusi kinachokaa juu ya kila buji na kuipa umeme mkali. Bwana yule alibadilisha zote sita kwa dakika kumi na mbili, na katika hizo mbili zilikuwa za kusifu glavu zake. Nikaenda mjini jioni ile nikanunua bobini sita mpya. Buji sikununua. Nilijiambia kwamba za zamani zinatosha. Ninafundisha mantiki, najua jinsi ya kumfikisha mtu kwenye hitimisho analolitaka.

Jumamosi asubuhi mke wangu alikwenda mjini kutafuta shuka na sabuni za mama za kwenda nazo hospitali. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni akanitazama nikipanga spana juu ya gazeti. Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

"Sina wasiwasi," akasema. "Kama na hiyo jicho ingine inakufa, sitakupigia makelele. Nitanyamaza tu."

Tumeoana miaka ishirini na mbili. Makelele yake nayajua, nayaweza. Kunyamaza kwake nilikuwa sijawahi kukuona hata mara moja.

Kifuniko kilitoka kwa urahisi, nikafurahi mapema mno. Chini yake bobini zilikuwa zimejipanga mstari mmoja, tatu za mbele zikionekana vizuri, tatu za nyuma zikiwa zimejificha chini ya kioo cha mbele. Soketi za nyaya zilikuwa zimekauka kwa joto la miaka. Kishikio cha ya kwanza kilikatika kama biskuti, na cha pili nikakikata kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwenye cha kwanza. Nikazitoa zote sita, nikazitupa ndani ya beseni la kufulia. Hapo ndipo nilipochungulia kwenye mashimo na kuingiwa na udadisi wa kisomi. Nikaona nitoe na buji, nizione tu zilivyo.

Tano zilitoka. Nilizivuta juu kwa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, na midomo yake ilikuwa imelika, myeupe kama meno ya mzee. Ya sita, ya nyuma kabisa, nilipokaza spana kwa pembeni, ilisema tik. Sauti ndogo. Sehemu ya juu, ile ya kauri nyeupe, ilibaki ndani ya spana, na mwili wake ukabaki ndani ya injini.

Nilikaa chini kwenye saruji. Niliwaza kipande cha kauri kikianguka ndani ya silinda na kusaga kila kitu. Niliwaza mama amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake Kambove, mfuko uko tayari miguuni, kichwa amekigeuza upande wa barabara. Kisha nikainuka, nikarudisha spana shimoni, nikazungusha bila kuvuta pumzi, robo baada ya robo, na ile iliyobaki ikatoka. Nilihesabu vipande vya kauri mara nne. Vilikuwa vimetimia.

Sasa sikuwa na gari hata la kutetemeka. Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo sana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa. Niliandika ujumbe mfupi kwa mke wangu, ambaye bado alikuwa mjini: Niletee buji sita, za nguvu, haraka. Simu ikazima.

Alirudi saa nane na nusu mchana, ametoka jasho, amekimbia. Maduka yalikuwa yanafunga. Alitoa pakiti kwenye mfuko wake akanipa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

"Nimechukua zile nene," akasema. "Zile nyembamba zinaishaka mbio."

Ndani ya pakiti kulikuwa na mishumaa sita.

Watu wa pwani wana maneno mawili, plagi na mshumaa. Sisi tuna moja. Wabelgiji walituletea buji ya kuangazia na buji ya gari, na hatukuona sababu ya kuzitenganisha kwa sababu zote mbili kazi yao ni kuwaka. Nyumba isiyo na umeme siku ya pili, mume anaandika kwamba anataka buji sita za nguvu, haraka: ni mke gani mwenye akili angewaza kitu kingine? Nilitaka kucheka. Yeye alizitazama bobini kwenye beseni, akatazama matundu sita yaliyokuwa wazi, akaelewa kabla sijasema. Tabasamu liliondoka. Hakusema neno, nikaanza kuona kule kunyamaza kulivyo.

Nilikimbia mjini. Muuza vipuri aliyeniuzia bobini alikuwa ameshafunga, na kufuli lake lilikuwa kubwa kuliko nilivyolikumbuka. Mlinzi aliniambia mwenye duka simu yake huizima Jumamosi akishafunga duka mpaka baada ya ibada ya Jumapili. Nilimuuliza anasali wapi, na mlinzi akaniangalia kama anayejiuliza kama nimekuja kuokoka.

Sitaki kueleza usiku ule. Asubuhi nilikuwa kwenye benchi la mwisho la kanisa ambalo si langu, nimevaa suti, nina oili chini ya kucha. Muuza vipuri aliimba kwenye kwaya, safu ya sauti nzito. Ni mtu wa Kasai kama wazazi wangu, mkubwa, mwenye raha. Waliimba nyimbo saba. Nilizihesabu. Alipotoka nilimkamata mkono kwenye ngazi, nikamweleza yote kwa pumzi moja: daktari, jicho, kauri, mishumaa. Kwenye mishumaa alicheka mpaka akashika nguzo.

"Prof," akasema, "unafundishaka nini pale Kasapa?"

"Mantiki."

"Kumbe. Njo maana gari inakufa na iko na sababu zote."

Lakini alinipandisha kwenye gari lake palepale, mke wake na Biblia wakiwa nyuma, akafungua duka siku ya Bwana. Alinipa buji sita zinazofaa, akakataa kusikia habari ya malipo siku hiyo, akaniambia nizianzishe kwa vidole kabla ya spana, nisije nikaharibu uzi. Ushauri huo bwana wa kwenye video alikuwa ameusema pia, lakini mimi wakati huo nilikuwa natazama glavu.

Saa nane mchana zote zilikuwa zimeingia, buji mpya, bobini mpya, soketi zilizokatika nimezifunga kwa waya. Nikawasha. Injini ikashika. Kwa sekunde tatu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika Hewa Bora. Kisha likaanza tena kutetemeka, lilelile, na taa ya manjano ikanikonyeza.

Nilizima nikaweka paji la uso kwenye usukani. Kulikuwa na saa kumi na tisa kufika saa tatu ya Jumatatu. Mke wangu alikuwa amesimama karibu na boneti, simu yake sikioni, akizungumza na mama yake kwa sauti ya chini. Nilisikia akisema hapana, bado, liliwaka lakini haliko sawa. Kisha akaja dirishani.

"Mama anasema uwashe tena. Anataka kusikia."

Hapa inabidi nieleze jambo. Watu wangu ni wa Kasai, na watu wa mke wangu ni wenyeji wa migodini tangu zamani, na pande hizo mbili hazijawahi kukubaliana hata namna ya kusonga bukari, yaani ugali. Jambo moja tu wanakubaliana: mkwe na mama mkwe hawatazamani machoni, wala hawasemeshani mdomo kwa mdomo. Maneno hupita kwa binti. Kwa miaka ishirini na mbili mama huyu hajawahi kuniambia neno, na tunapendana sana.

Mke wangu akaweka simu juu ya injini, kwenye kitambaa, sauti ikiwa imefunguliwa. Nikawasha. Mume wa mama, marehemu, alikuwa mtu wa kompresa za mgodi; nyumba yao ilikuwa ukuta kwa ukuta na mashine. Mama alilea watoto saba katika kelele hiyo, na wanasema alikuwa anajua kabla ya mume wake kwamba kuna kitu kimeharibika, kwa sababu watoto waliamka.

Simu ikasema, "Ambia bwana yako, hiyo motere iko inatembea na miguu tano."

Nilisikia kila neno. Hata hivyo nilisubiri mke wangu alirudie, kwa sababu mpaka hapo lilikuwa halijanifikia.

"Anasema inatembea na miguu mitano," mke wangu akasema.

"Ambia bwana yako achomoe moja moja. Kama anachomoa na sauti inaanguka, ile iko nzima, arudishe. Kama anachomoa na sauti haibadilike, ile njo maiti."

Kila mwaka, muhula wa kwanza, naandika jambo hilohilo ubaoni kwa herufi kubwa: ukitaka kujua kisababishi, ondoa kimoja, viache vingine kama vilivyo, uone kama tokeo linabadilika. Nina madaftari yake. Wanafunzi wameanguka mtihani kwa kulieleza vibaya. Nami nilikuwa nimebadilisha vitu kumi na viwili kwa mpigo mmoja, nikashangaa kwamba sijui chochote.

Nikachomoa soketi ya kwanza. Injini ikazama, ikakaribia kuzima. Nikarudisha. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Ya nne nilipoichomoa hakuna kilichobadilika.

"Ile," simu ikasema kutoka Kambove.

Ilikuwa bobini mpya, inang'aa, imekufa tangu ilipozaliwa. Nikaliendea beseni. Za zamani sita zilikuwa humo zimechanganyika, sikuwa nimetia alama hata moja. Katika hizo moja tu ndiyo iliyokuwa mbovu tangu Ijumaa, na mkono wangu ukaiendea hiyohiyo, kama mtoto kwa mama yake. Tukawasha: miguu mitano. Nikachukua nyingine. Tukawasha, na mtetemeko ukaondoka mikononi mwangu kabla sijausikia umeondoka masikioni.

"Sasa iko sita," mama akasema. Halafu, baada ya kidogo: "Muambie asichelewe. Leo taa niko naiona mbali sana."

Mke wangu hakulirudia hilo la mwisho. Alikwenda ndani kuchukua mfuko.

Tulifika Kambove jua likizama. Nililala kwa jirani, kama inavyotakiwa. Alfajiri mke wangu alimshika mama mkono, akamwingiza kiti cha nyuma, akakaa naye. Nikafanya kile ninachofanya kila mara mama anapopanda: nikakigeuza kile kioo cha katikati kikatazama dari, nisije nikamwona usoni. Ndivyo nilivyoendesha kilomita zote zile, malori ya mawe ya shaba yakitupita na mimi nikiyajua kwa honi tu. Kila baada ya muda nilisikia sauti ikiuliza taratibu, "Iko sita?" na mke wangu akijibu, "Iko sita, mama." Kwenye kilima kabla ya Likasi injini ilikohoa mara moja. Sikupumua mpaka juu. Hakuna aliyeuliza.

Tuliingia hospitali saa tatu kasoro dakika kumi. Waliita jina lake la nne.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache, na nilimshukuru kwa hilo. Baada ya kulipasua alisema jicho litabaki na kile kilichokuwa kimebaki. Kilichokwisha kwenda hakirudi. Niliuliza kama angeletwa ile mara ya kwanza, miezi ile ya mikutano, ingekuwaje. Mke wangu alikuwa pembeni yangu. Daktari alitazama karatasi, akasema, "Angekuwa na mawili." Mke wangu hakunipigia kelele. Tulirudi kwenye ukumbi tukakaa, na ilikuwa siku ya tatu alipoanza tena kunigombeza kwa kuacha vikombe, nikaenda uani nikashika ukuta kwa shukrani.

Siku ya kumrudisha Kambove, mama alikaa nyuma, kitambaa cheupe cha jicho kimeondolewa, kitenge kipya kichwani. Nikakigeuzia kioo darini. Tulikuwa hatujafika hata nje ya mji.

"Ambia bwana yako arudishe kile kioo," mama akasema.

Mke wangu akalirudia. Nikasema, nikimwelekea mke wangu, kwamba mila ni mila. Akampelekea.

"Ambia bwana yako, mila haina breki."

Nikakirudisha, nusu. Nikaona barabara ikikimbia nyuma yetu na vumbi, na pembeni kabisa ya kioo kipande cha kitenge na kichwa kilichogeuzwa kizima kuelekea dirisha la nyuma. Hakuwa ananitazama. Alikuwa analitumia jicho lake kwa kazi.

"Ambia bwana yako," akasema, "kuko kamio inakuja."

Mke wangu akalirudia, neno kwa neno. Nikasogea kando, lori likapita.